Kubadilisha filta ya petroli katika ua wa nyumba ya kupanga

Swali: "Shikamoo mzee fundi. Nina Toyota Corolla 100 ya petroli, EFI, niliinunua kwa mtu mwaka jana. Mjini inakwenda vizuri, lakini nikipanda Mazeras na abiria wanne inakosa pumzi, inashtuka-shtuka, nikilegeza mguu inarudi sawa. Fundi wa mtaani amesema ni filta ya mafuta na ametaja bei ya kazi iliyonitoa jasho. Mimi nina spana zangu, oili na plagi nabadilisha mwenyewe. Je, hii naweza kuifanya nyumbani bila kuhatarisha watu? Tunakaa nyumba ya kupanga, ua mmoja na wapangaji wengine." — Msomaji wa Mikindani, Mombasa.

Marahaba mwanangu. Kazi utaiweza. Ambao sina hakika nao ni huo ua wenu, na ndiyo sababu jibu litakuwa refu.

Aliyezoea kubadilisha oili hudhani filta zote ni ndugu. Si ndugu. Oili ikikumwagikia umechafuka, basi. Petroli ya gari la EFI, yaani lenye injekta zinazopulizia petroli kwa amri ya kompyuta, hukaa ndani ya bomba kwa presha ya karibu psi 40, yaani kuzidi tairi lako, na presha hiyo haiondoki kwa sababu umezima gari. Tena petroli yenyewe hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Sembuse Mombasa yetu, ambako ukiacha spana juani dakika kumi huwezi kuishika.

Lakini kwanza tuhakikishe ni filta kweli. Dalili ulizotaja zinaelekea huko. Injini ikitembea taratibu haina kiu, na filta iliyoziba nusu bado inaitosheleza. Ukikanyaga kwenye mlima na mzigo, kiu inazidi kile kinachopita. Ukilegeza mguu, kinachopita kinatosha tena. Shida ni kwamba pampu iliyochoka hutoa dalili hizo hizo, na waya wa plagi uliopasuka pia husubiri mlima ndio uanze vituko. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, toa filta ya hewa uiangalie juani, kisha fungua boneti usiku, mahali penye giza, injini ikiwa inanguruma, uone kama kuna cheche zinazorukaruka kwenye nyaya za plagi. Hayo ni bure. Ukiyapita yote mawili, filta ndiyo inayofuata, kwa sababu ni rahisi kuliko pampu na kwa sababu gari la kununua kwa mtu mimi siku zote nalihesabu kwamba filta yake haijawahi kuguswa. Mwenye gari aliyezoea kutembea na taa ya mafuta imewaka hukuachia tangi lenye kutu, na kutu hiyo yote huishia kwenye filta.

Sasa duka la spea. Hapa Kiswahili chetu kinatuponza. Ukisema "filta ya mafuta", kijana wa kaunta atakuletea ya oili, kwa kuwa oili ni mafuta na petroli ni mafuta. Sema filta ya petroli, ya EFI, na uende na nambari ya chesisi kutoka kwenye logbuku. Filta ya petroli ya Toyota za namna yako, nambari kwenye boksi huanzia 23300. Ukiona 90915, hiyo ni ya oili, irudishe. Ndani ya boksi, au pembeni yake, lazima kuwe na vipete viwili vya chuma laini, vile tunavyoviita washa. Havimo? Vinunue papo hapo. Kipete kilichokwisha kukazwa mara moja kimeshabonyea, na ukikirudisha kitakutolea machozi ya petroli wiki ijayo, wakati huo umeshasahau kazi yenyewe.

Na uhakikishe kwamba filta yako ipo chini ya boneti. Kwenye Corolla 100 ya EFI ni kopo la chuma, kubwa kidogo kuliko kopo la maziwa, limesimama upande wa ukuta unaotenga injini na dashibodi, chini ya bomba la hewa. Juu yake kuna bolti nene yenye tundu katikati, mafuta hupita ndani ya bolti yenyewe. Chini kuna nati inayoshika bomba la chuma. Ikiwa jirani yako ana Probox au Vitz akaja kukuuliza, mwambie asitafute kopo hilo. Kwake filta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na kufungua tangi la petroli uani ni jambo ambalo mimi mwenyewe silifanyi. Hiyo ipelekwe gereji.

Nikurudishe kwenye ua. Nikiwa bado kijana wa kushikia watu spana, nilitumwa Kisauni kubadilisha filta kama hii kwenye gari la mteja. Nyumba ilikuwa kama yenu, ua mmoja, milango sita. Mama mmoja alikuwa na jiko la makaa pembeni, karai la viazi limekolea, hatua kumi na mbili hivi kutoka kwangu. Nikaliona, nikajiambia mbali. Sikutoa presha, sikuchomoa betri, nikaweka spana kwenye bolti ya juu na kuivuta kwa nguvu moja. Petroli ilinipiga kifuani na usoni, nyingine ikamwagika chini kwenye sakafu ya simiti. Nikaruka nyuma nikipangusa macho. Kwa muda hapakuwa na lolote, hata nikaanza kucheka. Halafu nikasikia kama mtu amekunguta shuka, nikauona moto unakuja kutoka jikoni kwa yule mama, chini chini, unafuata sakafu kama panya anayejua shimo lake lilipo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa. Ulikuwa umekwenda hadi jikoni kwake wakati mimi nacheka. Yule mama ndiye aliyeokoa gari, kwa ndoo ya mchanga wa ujenzi iliyokuwa mlangoni. Mimi nilipoteza nyusi na nywele za mkono wa kulia, na mteja.

Kwa hiyo usipime kwa hatua. Tazama nini kinawaka ndani ya ua mzima na upepo unaelekea wapi. Ukiweza kulitoa gari ukalipeleka kwenye kiwanja cha wazi, tambarare, kisicho karibu na mtaro wala shimo, fanya hivyo na nusu ya barua hii utaipunguza. Ikiwa lazima iwe uani, chagua saa. Alfajiri hapana, ndiyo saa ya mahamri na kila mlango una moto. Jioni hapana, watu wamerudi, watoto wanacheza, na giza likiingia utatamani kuning'iniza balbu juu ya injini; balbu ya moto ikidondokewa na petroli hupasuka na kuwasha hapo hapo. Mimi ningefanya saa nne asubuhi, siku ya kazi, watoto wako shule, chai imekwisha na cha mchana hakijaanza. Injini itakuwa imepoa tangu jana. Zunguka milango yote uwaambie jirani kwamba kwa saa mbili hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna dawa ya mbu ya kuzunguka, na hakuna chetezo. Chetezo watu hukisahau. Makaa ya udi chumbani, dirisha wazi usawa wa gari, ni moto kama moto mwingine.

Mtungi wa poda wa kuzimia moto uwe karibu, umewekwa nyuma yako na si upande wa pili wa gari, na ndoo ya mchanga mkavu. Maji usiyategemee kwa moto wa petroli. Petroli huelea juu yake na moto husafiri nayo. Vaa pamba. Najua wengi wetu nyumbani tunafanya kazi na kikoi na fulana, ni vazi zuri kwa mengine yote, ila pindo la kikoi likilowa petroli unatembea na utambi miguuni. Suruali basi. Miwani pia, hata ya plastiki ya bei ya chini.

Presha inatolewa hivi. Wengi watakuambia uchomoe fyuzi ya EFI wakati gari linanguruma. Usifanye. Fyuzi hiyo ndiyo inayolisha kompyuta ya injini pia, kwa hiyo gari litazima papo hapo na presha yote itabaki ndani, nawe utadhani umeitoa. Inua kiti cha nyuma, utaona plagi ya nyaya za pampu ya petroli inayoingia tangini. Gari likiwa limezimwa, ichomoe. Washa injini. Itanguruma sekunde chache kwa kile kilichobaki kwenye bomba, itapwaya, itazima. Piga stata tena sekunde tano, mara mbili. Sasa zima ufunguo, fungua kifuniko cha tangi usikie kinavyopumua, kisha kirudishe, halafu toa waya wa hasi wa betri kwa spana ya 10 na uuweke mbali usije ukarudi wenyewe. Redio itasahau stesheni zako, vumilia.

Siku moja kabla, jioni, ungekuwa umeshapulizia nati ya chini mafuta ya kulainisha kutu. Nasisitiza kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi. Nati ambayo Nairobi hufunguka kwa spana yoyote, hapa Pwani imekuwa kitu kimoja na bomba. Na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaweka spana ya mdomo wazi, inateleza, inakula kona za nati, kisha wanaleta plasi ya kubana, na mwisho wanapinda bomba la chuma linalokwenda hadi nyuma ya gari. Tafuta spana ya mabomba, ile ya ringi iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye bomba. Inashika nati pande tano badala ya mbili. Jirani yeyote fundi wa breki anayo. Spana ya pili ishike filta yenyewe isizunguke. Ukiona bomba linajipinda pamoja na nati, simama hapo hapo. Rudisha nyuma kidogo, pulizia tena, ngoja. Likikataa kabisa, funga ulichofungua na umwite fundi. Hiyo si aibu, na bei aliyokutajia itaanza kuonekana nafuu.

Weka beseni la chuma chini ya filta. Funika distribyuta na kitambaa kikavu. Anza na bolti ya juu: izungushie kitambaa cha pamba, uso wako uwe pembeni na si juu yake, fungua robo mzunguko tu kisha ngoja. Kitasikika kipumuo kidogo na kitambaa kitalowa. Kikinyamaza, endelea. Halafu nati ya chini, na hapo mafuta yatashuka zaidi, ndiyo maana ya beseni. Legeza kishikio cha kopo, litoe likiwa limesimama wima.

Sasa fanya jambo moja ambalo fundi wa mtaani hakufanyii. Mimina kilichomo kwenye chombo cheupe kupitia upande ule petroli inapoingilia. Kwa filta iliyozeeka vizuri utaona petroli ya rangi ya chai ya rangi na vumbi kidogo. Ukiona punje za kutu nyekundu zimetulia chini, au matone mazito ya maji yanayokimbiana kama zebaki, basi tatizo lako ni tangi, na filta hii mpya itakufa upesi. Bora ulijue leo.

Kuvisha mpya ni kinyume chake, ila shika haya. Nati ya chini ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne, kabla hujakaza kishikio. Nyuzi zikipandana hapo umenunua bomba. Tone la oili safi kwenye mdomo wa bomba husaidia likae. Kipete kimoja kiwe juu ya jicho la bomba, ile pete ambamo bolti ya juu hupita, na kingine chini yake, vyote vipya. Usizungushie tepu nyeupe ya mafundi wa maji wala usipake silikoni. Vipande vyake huishia kwenye injekta. Kukaza ni karibu Nm 30, na kama huna spana ya kipimo, ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Kwa filta za mipira miwili zenye mshale, mshale uelekee injini. Yako haikosewi, maana juu na chini hazifanani.

Usiwashe gari bado. Pangusa kila palipolowa hadi pakauke, toa beseni na vitambaa vyote nje ya ua, ngoja harufu ipotee kabisa. Robo saa, nusu saa. Ndipo urudishe plagi ya pampu na, mwisho kabisa, betri. Kwenye Toyota za rika hili, kufungua ufunguo tu hakupigi pampu. Inapiga wakati wa stata au injini ikiwa hai. Kwa hiyo aliye nyuma ya usukani apige stata sekunde mbili tatu na kuacha, huku wewe na tochi ya LED unaangalia juu na chini ya filta. Mwenye uzoefu huunganisha matundu yenye herufi FP na +B kwa kipande cha waya kwenye kile kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS chini ya boneti, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha anafungua ufunguo na pampu inapiga bila injini. Ni njia nzuri zaidi, lakini ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu, kwa hiyo kama huoni herufi vizuri achana nayo.

Zungushia karatasi ya shashi kwenye viungio vyote viwili. Ikibaki kavu, washa, iache dakika kumi, iangalie tena. Na kesho yake asubuhi tena kabla ya kutoka. Ikilowa hata kidogo, zima, na usikaze presha ikiwa ndani. Rudia kuitoa kwanza.

Kuhusu petroli iliyobaki nitakuwa mkali. Usiitie kwenye chupa ya soda wala ya maji, hata kwa dakika mbili. Kuna mtoto mwenye kiu katika kila ua. Akinywa, asitapishwe, apelekwe hospitali mbio. Petroli ikipanda na kuingia mapafuni ndipo inapoua. Kwa sababu hiyo hiyo usiinyonye kwa mpira mdomoni kama tulivyofundishwa sote. Ikikuingia machoni, maji mengi yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa, kisha daktari. Ile chafu iweke kwenye galoni la chuma lenye kifuniko uipeleke gereji pamoja na filta ya zamani. Mtaroni usimwage; mitaro ya Mikindani inashuka kwenye mikoko ya Tudor, na kabla ya kufika huko mvuke wake utapita chini ya milango ya watu wengine wenye majiko. Vitambaa vianike nje, mbali na nyumba, vikauke kabla ya kutupwa.

Ikiwa una ndugu mwenye HiAce ya dizeli, asichukue barua hii akaitumia kama ilivyo. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli, lakini kwake kuna maji ya kumwaga chini ya filta, kidude cha kuhisi maji cha kuhamishia kwenye filta mpya na oringi yake, na hewa ya kutoa kwa kusukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Na kama ni ya komoni reli, yaani dizeli ya kisasa yenye bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote, mabomba ya chuma kati ya pampu kubwa na injekta asiyaguse hata kidogo injini ikinguruma. Humo mna presha zaidi ya bar 1,000, na dizeli ya namna hiyo hupenya ngozi bila mtu kusikia maumivu makubwa. Anayepigwa nayo aende hospitali saa hiyo hiyo hata kama ameona tundu dogo kama la sindano.

Ukimaliza, chukua wale abiria wanne upande Mazeras. Ikikosa pumzi mahali pale pale, usiilaumu filta mpya. Simamisha gari pembeni, mtu apige stata huku wewe umeweka sikio kwenye mdomo wa tangi, kifuniko kikiwa wazi na hakuna sigara karibu. Pampu nzima huvuma sauti moja, nyembamba, isiyoyumba. Ikiwa inakoroma au inapanda na kushuka, niandikie uniambie inakoroma vipi.